Kula Vyakula vya Baharini Korea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yale ambayo kila mgeni anayetua Busan au Seoul huuliza wiki ya kwanza: mwanafunzi, baharia aliyeshuka melini, mfanyabiashara aliyealikwa chakula cha jioni na wenyeji wake. Majina ya vyakula nimeyaandika kwa herufi za Kirumi kama yanavyoonekana kwenye menyu nyingi. Pale matamshi yanapopotosha nimeongeza namna ya kutamka.

## Kabla hujaingia

Mgahawa wa vyakula vya baharini Korea ni wa namna gani hasa?

Hakuna namna moja. Unaoonekana zaidi ni *hoetjip*, nyumba ya *hoe* (tamka "hwe"), yaani samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba. Utautambua kwa matangi ya kioo yaliyopangwa mlangoni, samaki wakiwa hai, maji yakibubujika. Kisha kuna wanaochoma chaza, kome na kombe mezani kwako (*jogae-gui*), wanaopika supu kubwa ya mchanganyiko (*haemultang*), wanaouza samaki wa kuchoma na wali, na wale wa kitu kimoja tu: kaa, mkunga, pweza au bunju. Mgahawa wa kitu kimoja mara nyingi ndio salama kwa mgeni. Aliyepika kitu kile kile miaka ishirini ana haki ya kuaminiwa, na wewe huna menyu ya kukuhangaisha.

Ni lazima nile samaki mbichi?

La. Tatizo la wageni wengi ni kuingia *hoetjip* na kuomba samaki wa kukaanga, halafu kushangaa kwamba hawapo au wapo kama kionjo tu. Kama hutaki kibichi, tafuta neno *gui* (cha kuchoma), *jjim* (cha mvuke au cha kupikwa kwa sosi nzito), *tang* (supu) au *twigim* (cha kukaanga kwa mafuta mengi). *Godeungeo-gui* ni samaki jamii ya vibua wa kuchoma, na *galchi-gui* ni yule mrefu bapa anayeng'aa kama upanga, fahari ya kisiwa cha Jeju. Hao wawili hawajawahi kumshinda Mswahili yeyote ninayemjua.

Hoe ina tofauti gani na sashimi ya Wajapani?

Tofauti kubwa iko kwenye meno. Mkorea hupenda samaki aliyetolewa tangini akiwa hai, akachinjwa na kukatwa papo hapo, nyama ikiwa bado imekaza na inatafunika. Mjapani mara nyingi humwacha samaki apumzike kwenye baridi ili nyama ilainike na ladha ikue. Ukija na matarajio ya kitu kinachoyeyuka mdomoni utasema samaki wa Kikorea ni mgumu. Mwenyeji wako naye atasema huyo mlaini ni wa jana.

Sosi pia ni tofauti. Sosi ya soya na wasabi vipo, lakini kinachopendwa ni *chojang*, pilipili iliyochachishwa ikachanganywa na siki na sukari. Ni kali, tamu na chachu kwa pamoja. Aliyezoea achari ya ukwaju ataielewa mara moja.

Naweza kwenda peke yangu?

Unaweza kwenda, ila huenda usihudumiwe. Kwenye *hoetjip* na kwenye migahawa ya supu kubwa kipimo cha chini mara nyingi ni watu wawili, kwa sababu chakula huja kama meza nzima (tazama swali la sahani nyingi hapo chini). Ukiwa mwenyewe agiza kinachouzwa kwa bakuli. *Hoe-deopbap* ni wali na samaki mbichi na mboga, unachanganya mwenyewe na sosi ya pilipili. *Mulhoe* ni samaki mbichi kwenye mchuzi wa baridi wenye barafu, na miji ya Pohang na Sokcho inajivunia. *Kalguksu* ni tambi za kukatwa kwa kisu, mara nyingi kwenye supu ya kombe wadogo.

Niagize nini, na kwa msimu gani?

Swali hili Wakorea hulichukulia kwa uzito kuliko swali la bei. Samaki ana mwezi wake, na kumwagiza nje ya mwezi huo ni sawa na kuulizia embe dodo mwezi wa Julai.

Machipuko, Machi hadi Mei, ni ya *jjukkumi*, pweza mdogo aliyejaa mayai, na ya kaa aitwaye *kkotge*, jike mwenye mayai ya rangi ya machungwa. Joto likianza watu hula samaki aitwaye *mineo* na mkunga wa kuchoma, wakiamini vinarudisha nguvu zilizoyeyuka kwa jua. Vuli ni ya kamba wakubwa wanaochomwa juu ya chumvi, ya kaa dume, na ya *jeoneo*, samaki mdogo mwenye miiba mingi na mafuta mengi. Wakorea husema harufu ya *jeoneo* akichomwa humrudisha hata mkwe aliyekimbia nyumba ya wakweze. Baridi, Desemba hadi Februari, ndiyo kilele: *bangeo*, jamii ya kolekole aliyenona, chaza kutoka Tongyeong, na *daege*, kaa mwenye miguu mirefu, anayefungamanishwa zaidi na Yeongdeok kwenye pwani ya mashariki.

Usipojua lolote, agiza *gwangeo*. Huyu ni jamii ya gayogayo, anafugwa kwa wingi, hupatikana mwaka mzima, nyama yake nyeupe na haina shombo. Mwenzake wa kawaida ni *ureok*: mtamu, na mifupa yake hutoa supu bora zaidi, ila kichwa ni kikubwa na nyama haba.

## Ukishakaa mezani

Mbona wameleta sahani kumi ambazo sijaagiza?

Hapa ndipo wageni hutoka jasho wakidhani wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Tulia. Hizo ni *banchan*, vitoweo vya pembeni, na kwenye *hoetjip* huwa nyingi zaidi kuliko mgahawa wa kawaida: kimchi (kabichi iliyochachishwa kwa pilipili), mwani, yai la mvuke, mahindi yenye jibini, kombe, viazi vitamu, samaki mdogo wa kuchoma, pengine hata supu. Zimo ndani ya bei ya samaki uliyemwagiza. Ndiyo maana sahani ya samaki wawili watatu inaonekana ghali ukiitazama peke yake. Bei ile ni ya meza nzima, na hesabu yako ianzie hapo.

Vile vidogo kama kimchi na mboga huongezwa bila malipo ukiomba. Vile vya maana, kama samaki wa kuchoma au kombe, kwa kawaida huja mara moja tu. Na akikuletea kitu akasema "*seobiseu*", ni nyongeza ya bure kutoka kwake. Pokea, inamisha kichwa kidogo, shukuru.

Kosa la kawaida ni kushiba vitoweo kabla samaki hajafika. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo mara tatu mfululizo, na mmoja wao ni mimi.

Nimwiteje mhudumu?

Tazama pembeni ya meza, mara nyingi kuna kitufe. Bonyeza mara moja na usubiri. Kama hakuna, ita "*yeogiyo!*" (tamka "yogiyo", maana yake "hapa!") kwa sauti ya kusikika. Si utovu wa adabu. Utovu wa adabu ni kupiga makofi au kumwashiria mtu kwa kidole.

Migahawa ya zamani huendeshwa na kina mama, na wateja huwaita *imo*. Neno hilo maana yake ni dada wa mama, yaani mama mdogo au mama mkubwa, na huitwa hivyo hata asiye ndugu. Kwetu sisi tunaomwita muuza chapati "mama" na muuza kahawa "mzee", desturi hii haina ugeni wowote. Mwenye mgahawa, mume au mke, unaweza kumwita *sajangnim*. Ukiwa na shaka tumia hilo, kwani hakuna anayechukia kuitwa bosi.

Samaki mbichi analiwaje?

Kuna njia mbili, na zote ni sahihi. Ya kwanza: chukua kipande kwa vijiti, chovya kidogo kwenye sosi, kula. Anza hivi ili uonje samaki mwenyewe.

Ya pili ni *ssam*, tonge la majani. Weka jani la saladi kwenye kiganja, na juu yake jani la *kkaennip* lenye harufu kali kidogo. Weka kipande cha samaki, kipande cha kitunguu saumu kibichi, pilipili na sosi kidogo, kunja, tia mdomoni zima. Usilimege. Kulimega kunamwaga kila kitu mapajani. Mwenyeji akikutengenezea tonge akakulisha kwa mkono wake, hiyo ni heshima, fungua mdomo.

Figili nyeupe iliyokunwa chini ya samaki kwenye sahani ni ya kumwinua na kumpamba. Si kachumbari, ingawa ukiila hakuna atakayekucheka mbele yako.

Wameuliza "maeuntang?" baada ya samaki kuisha. Wanataka nini?

Wanauliza kama mifupa na kichwa cha samaki wako vipikwe supu ya pilipili. Jibu "*ne*" (ndiyo). Hii ndiyo sehemu ambayo Waswahili wengi huikumbuka kuliko yote: mifupa, figili, majani machungu, supu nyekundu inayochemka kwenye jiko la gesi mezani. Agiza na bakuli la wali. Asiyetaka pilipili aseme *jiri*, supu nyeupe ya samaki yule yule. Mahali pengine supu imo kwenye bei, pengine ni nyongeza, kwa hiyo uliza kabla ya kuitikia.

Kuna miiko gani ya mezani?

Mkubwa kwa umri ndiye anayeanza, na hilo hatuhitaji kufundishwa. Vijiti havisimikwi kwenye wali, maana hivyo ndivyo inavyofanywa kwa ajili ya wafu. Wali huliwa kwa kijiko, na bakuli halinyanyuliwi. Kupokea na kumimina ni kwa mikono miwili, au mkono wa kulia huku wa kushoto umeushika. Makasi na koleo utakavyoviona ni vya kukatia kaa na pweza. Havijasahauliwa na fundi. Penye sakafu ya kukalia, vua viatu mlangoni, na soksi zisiwe na matundu.

Kula kwa mkono? Kaa na kamba ndiyo, na mara nyingi utapewa glavu za plastiki. Wali hapana.

## Bei na kulipa

Menyu imeandika "siga" badala ya bei. Ni nini?

*Siga* ni bei ya siku, kulingana na kilichoingia sokoni asubuhi. Hutumika kwa kaa, samaki wa mwituni, na chochote ambacho bahari ndiyo inayoamua. Si ulaghai, ila ni mlango ambao ulaghai unaweza kupitia. Uliza "*eolmayeyo?*" (bei gani?) kabla ya samaki kutolewa tangini, na mwombe aandike namba kwenye karatasi au kikokotoo. Samaki akishakatwa, mazungumzo yamekwisha.

Na hizi herufi tatu 대, 중, 소?

Kubwa, ya kati, ndogo: *dae, jung, so*. Ndogo kwa kawaida ni ya watu wawili, ya kati ya watatu, kubwa ya wanne. Kwa matumbo yetu, watu wawili wenye njaa wachukue ndogo pamoja na supu na wali. Kwenye *hoetjip* ya kawaida sahani ndogo inaweza kuanzia karibu won 50,000 na kupanda kwa kasi kulingana na samaki. Ukiona imeandikwa *modeum-hoe*, ni mchanganyiko wa samaki kadhaa, na ndiyo chaguo zuri la mara ya kwanza.

Natakiwa kuacha bakshishi?

Hapana. Ukiacha pesa mezani huenda ukakimbizwa barabarani urudishiwe. Bili hulipwa kaunta wakati wa kutoka, kodi imo ndani ya bei, na kadi inapokelewa karibu kila mahali.

Nani analipa?

Aliyealika, au mkubwa. Kugawana bili kumeongezeka kwa vijana, lakini mbele ya wazee kutoa pochi haraka kunaweza kumuudhi mwenyeji. Namna ya kujikomboa ni kusema wewe utalipia kahawa au duru ya pili. Wakorea huita duru hiyo *i-cha*, mahali pa pili pa jioni ile ile.

## Kununua sokoni na kula pale pale

Ni kweli naweza kununua samaki sokoni nikapikiwa juu?

Ndiyo, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora kama mko watatu au zaidi. Masoko mawili makubwa yanayotajwa ni Noryangjin mjini Seoul na Jagalchi mjini Busan. Noryangjin lilianzia karibu na kituo cha treni cha Seoul mwaka 1927, likahamia lilipo sasa mwaka 1971, na jengo jipya likaanza kazi 2016. Ukiamka usiku wa manane utakuta mnada. Jagalchi linajulikana kwa kina mama wake wa sokoni, wenye sauti na msimamo, na kwa wito wa lafudhi ya Busan: "*Oiso, boiso, saiso!*" Njoo, tazama, nunua. Aliyewahi kupita ferry ya Magogoni wavuvi wanaporudi hataona ugeni, isipokuwa sakafu kavu kiasi na samaki ambao bado wanaogelea.

Utaratibu ni huu. Unachagua samaki chini, anapimwa, unalipa. Muuzaji anamkata au anamkabidhi kwa mgahawa wa juu, ambao huitwa *chojang-jip*, nyumba ya sosi. Kule juu unalipia kukalia meza, *sangcharim*, mara nyingi karibu won 5,000 kwa kila mtu, na tena kwa kila pishi: supu kiasi hiki, mvuke kiasi hiki. Mgeni husahau malipo haya ya pili, kisha analalamika kwamba soko si rahisi kama alivyoambiwa. Jumlisha vyote viwili kabla hujaamua.

Jambo dogo: ghorofa ya kwanza kwa Mkorea ndiyo ya chini kabisa. Ukiambiwa mgahawa uko ghorofa ya pili, panda ngazi mara moja tu.

Nitaepukaje kuibiwa kwenye mizani?

Tazama mizani kabla ya samaki kuwekwa: isome sifuri, kikapu kikiwa juu yake. Maji yamwagwe. Samaki akae atulie, kwa sababu anayepigapiga mkia huchezesha namba. Kisha mfuate kwa macho hadi kwenye kisu, ili uliyemnunua ndiye atakayekatwa. Usione haya. Wateja wenyeji hufanya hivyo hivyo.

Kumbuka pia kwamba kilo moja tangini si kilo moja sahanini. *Gwangeo* hutoa karibu nusu yake kuwa minofu, *ureok* hutoa pungufu zaidi. Kaa mwepesi kuliko anavyoonekana ni kaa mtupu, mwache.

Kupatana bei kunaruhusiwa, lakini si kwa mtindo wa Kariakoo. Kuomba nyongeza ("*seobiseu*", tulishaiona juu) huzaa matunda zaidi kuliko kuomba punguzo: konokono wawili, kiganja cha kamba, ngisi mmoja.

## Vyakula vinavyozua maswali

Sannakji ni pweza anayeliwa akiwa hai?

Ameshakatwakatwa, lakini mikono bado inajinyonganyonga kwa sababu neva zake hazijakoma, na vikombe vya mikono bado vinanata. Hupakwa mafuta ya ufuta na chumvi. Ladha yenyewe ni ya upole. Kazi ni kutafuna. Watu wamewahi kupaliwa na kufa kwa sababu walimeza kabla ya kutafuna, hasa wakiwa wamelewa. Chukua kipande kidogo, tafuna mpaka kitulie, ndipo umeze. Usimpe mtoto wala mzee mwenye meno machache.

Wakorea husema pweza wa aina hii, *nakji*, humwinua hata ng'ombe aliyeanguka kwa uchovu. Mtu aliyesimama usiku kwenye meza ya supu ya pweza Forodhani au Dar es Salaam amesikia sifa kama hizo, ila kule kwetu haulizwi ng'ombe.

Nimeona jongoo bahari kwenye menyu. Ni yule yule?

Ni jamii yake, huitwa *haesam*, na huliwa mbichi, amekatwa vipande vinavyotafunika kama gegedu. Pwani yetu imemkusanya na kumkausha kwa vizazi kwa ajili ya soko la Asia bila kumla. Hapa ndipo unapokutana na upande wa pili wa biashara ile. Jirani zake sahanini huwa *meongge*, kiumbe wa baharini mwenye rangi ya machungwa na ladha kali ya bahari yenye uchungu kidogo, na *gaebul*, mnyoo mnene wa baharini ambaye sura yake imewafukuza wengi. Akishakatwa ni mtamu kuliko wote watatu.

Gejang ni nini, na kwa nini inaitwa mwizi?

*Ganjang-gejang* ni kaa mbichi aliyelowekwa siku kadhaa kwenye sosi ya soya iliyochemshwa na viungo ikapozwa. Huitwa *bap-doduk*, mwizi wa wali, kwa sababu bakuli la wali huisha hujui limeishaje. Unakamua nyama, kisha unatia wali ndani ya gamba lenye mayai na mafuta ya kaa, unachanganya. Kuna na ya pilipili, *yangnyeom-gejang*. Si ya kila mtu. Soma sehemu ya afya kwanza.

Hongeo inanuka. Imeharibika?

Haijaharibika, imekusudiwa. *Hongeo* ni samaki jamii ya taa aliyeachwa achache mpaka atoe harufu ya amonia inayopanda puani na kutoa machozi. Ni chakula cha heshima kusini-magharibi, maeneo ya Mokpo na kisiwa cha Heuksando, na bila hicho karamu ya huko haijakamilika. Sababu ya harufu ni urea iliyo kwenye nyama ya taa na papa, inayogeuka amonia. Aliyekulia nyumba iliyopika papa mkavu anaijua, ila hapa imezidishwa mara kadhaa. Kwa kawaida hutolewa pamoja na kimchi kuukuu na nyama ya nguruwe, na watatu hao huitwa *samhap*. Anayeepuka kitimoto awe macho.

Bunju? Si ana sumu?

Anayo, na haitoki kwa kupikwa. Korea anaruhusiwa kumwandaa mpishi mwenye cheti maalumu pekee, na migahawa ya *bok-eo* Busan huuza supu yake nyeupe kama dawa ya asubuhi baada ya ulevi. Kula kwenye mgahawa wenye jina lake, usile popote pengine. Na mtu asirudi Tanga au Lamu akajaribu mwenyewe.

## Dini, afya na mzio

Mimi ni Mwislamu. Naweza kula humu kwa utulivu?

Samaki wenyewe si tatizo. Wengi wa pwani yetu ni Washafii, na kwao viumbe vya baharini kwa jumla ni halali, ingawa kuhusu kaa wanazuoni wametofautiana. Mhanafi ana masharti yake. Hilo muulize sheikh wako, usimuulize mwenye mgahawa.

Tatizo liko kwenye sufuria. Divai ya mchele hutiwa kuondoa shombo, kaa wa *gejang* mara nyingi hulowekwa na pombe kidogo, na sosi nyingi za soya na pilipili za dukani zina spiriti. Anayejihadhari achague samaki mbichi kwa chumvi na mafuta ya ufuta, kamba wa kuchoma juu ya chumvi, kombe wa kuchoma. Sentensi mbili za kukariri: "*Dwaejigogi an meogeoyo*" (sili nguruwe) na "*Sul neoeosseoyo?*" (kimetiwa pombe?).

Nitakataaje soju, pombe kali ya Kikorea, bila kuwakwaza wenyeji?

Sema mapema, kabla glasi hazijajazwa: "*Sul an masyeoyo*", sinywi pombe. Kisha omba *saida* (soda nyeupe) ijazwe kwenye glasi ile ile ndogo, ugongeshe na wenzako. Kinachoumiza wenyeji ni glasi tupu na uso uliofumba, na soda huondoa yote mawili. Wamiminie wao kwa mikono miwili kama dini yako inaruhusu. Kama hairuhusu, eleza kwa tabasamu; sababu ya dini hukubaliwa haraka.

Samaki mbichi ni salama?

Kwa mtu mwenye afya, kwenye mgahawa wenye wateja wengi, hatari ni ndogo lakini ipo. Kuna minyoo ya *anisakis* ambayo huleta maumivu makali ya tumbo saa chache baada ya kula. Miezi ya joto kuna bakteria wa *Vibrio vulnificus*, ambao kwa mwenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu wanaweza kuua. Huyo asile kibichi kabisa wakati wa joto, na mwenye ini bovu asile msimu wowote. Wakati wa baridi chaza mbichi huweza kubeba virusi vya norovirus. Mjamzito achague kilichopikwa. Neno la kuomba kitu kiive ni "*ikhyeo juseyo*".

Samaki wa mtoni na ziwani ni habari nyingine. Usimle mbichi hata ukihakikishiwa, kwa sababu ya minyoo wa ini.

Na mionzi ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani?

Tangu Septemba 2013 Korea imezuia vyakula vyote vya baharini kutoka mikoa minane ya Japani, Fukushima ukiwamo. Zaidi ya hapo, mgahawa unatakiwa kubandika asili ya samaki wengi wa kawaida. Tafuta ubao ukutani: *guknaesan* ni wa humu nchini, *Ilbonsan* wa Japani, *Jungguksan* wa China, *Reosiasan* wa Urusi, *Noreuweisan* wa Norwe. Usishangae samaki wa kuchoma akitoka Norwe. Ndiko watokako wengi wa jamii ya vibua.

Nina mzio wa kamba. Nikiacha kamba inatosha?

Haitoshi. Kimchi nyingi hutiwa kamba wa chumvi au sosi ya samaki, na supu inayoonekana ya mboga tu huenda imeanza na dagaa au vichwa vya kamba. Vyakula vya baharini pia hupikwa sufuria moja na kukatwa ubao mmoja. Sema "*Saeu allereugi isseoyo*" (nina mzio wa kamba) na uionyeshe imeandikwa kwa Kikorea kwenye simu. Kama mzio wako ni wa kufunga koo, mgahawa huu si wako, hata wakikuhakikishia kwa moyo mweupe.

## Hali za pembeni

Watoto watakula nini?

Yai la mvuke, wali na *gim* (mwani mkavu wa karatasi), samaki wa kuchoma, tambi. Mengi ya hayo huja kama *banchan*. Waweke mbali na jiko la mezani.

Naweza kubeba kilichobaki?

Kilichopikwa, omba "*pojanghae juseyo*" wakufungie. Kibichi kilichokaa mezani usibebe, na wakati wa joto usilifikirie hata kidogo. Kama unataka kula nyumbani, agiza cha kufungiwa tangu mwanzo. Kitakuja na barafu, mara nyingi kwa bei nafuu kwa sababu umeacha meza na vitoweo vyake.

Nimealikwa, wameweka mbele yangu kitu nisichoweza kula. Nifanyeje?

Usikitemee kwenye tishu mbele ya watu, wala usikizungushe sahanini kwa dakika ishirini. Onja kidogo kama dini na afya vinaruhusu. Kama haiwezekani, sogeza sahani kwa aliye karibu kwa mikono miwili na umwambie "*mani deuseyo*", kula kwa wingi. Atafurahi, hasa kama ni *hongeo*, maana ni ghali na sasa fungu lake limeongezeka. Wewe vuta supu.